Chumba cha Kuvundikia

Juzi nilipita saluni kwa binti yangu Neema, kule mjini upande wa Mawenzi, kumpelekea maziwa. Ninyi mabinti mnaomsaidia mkaniamkia, shikamoo babu, marahaba wanangu, nikakalishwa chini ya ile kofia ya kukaushia nywele maana viti vingine vyote vilikuwa na wateja. Mmoja wenu, yule mwembamba anayetafuna bigijii tangu asubuhi mpaka jioni (jina silitaji, ila anajijua), akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia habari za mtoto wa mchungaji:

"Babu, eti kweli wewe ndiye uliyekuwa unafanya krimu iingie?"

Neema akamkata jicho. Mimi nikacheka, nikasema nitajibu siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo leo. Nimeona niandike, kwa sababu nikisema kwa mdomo Neema atanikatiza, na mke wangu atanisahihisha kila nikivuta pumzi. Kwenye karatasi angalau nitafika mwisho.

Jibu ni ndiyo. Nilikuwa mimi.

Kwanza mjue mnaongea na mtu wa aina gani. Mwanaume wa Kichaga anatakiwa awe na duka mahali mbali, Mwanza au Songea huko, halafu Desemba arudi na gari limejaa watoto na soda. Mimi Dar nimekwenda kwa misiba tu, na kila mara nilikuwa wa kwanza kuulizia basi la kurudi. Mlima huu watu wanatoka Ulaya kuja kuupanda. Mimi nautazama kwa dirisha la jikoni na unanitosha. Nilimaliza kidato cha nne, nikapita kemia kwa shida na Kiingereza kwa huruma ya wasahihishaji, nikapata kazi kwenye mashine ya kukobolea kahawa hapa mjini. Halafu biashara zikafunguliwa, kila kitu kikawa huru, na mimi pia nikawekwa huru: nikapunguzwa kazi.

Nikarudi nyumbani kwetu Pasua, nikaona raha iliyoje. Mke wangu, Mama Neema, hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa na meza ya mitumba Kiboriloni. Alfajiri anabeba furushi kichwani, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilipika, nikafua nguo za watoto, nikatazama kuku. Majirani waliniita Mama Neema Mdogo. Nilikuwa naitika. Ukiitika, watani wanachoka haraka.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa tulikuwa tunatafuta nini.

Neema alipozaliwa, mke wangu alipelekwa Kirua Vunjo kwa mama yangu, kufungiwa. Ninyi siku hizi mnajifungua Ijumaa, Jumatatu mko kazini. Wakati ule mzazi alikaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, hapigwi na jua. Anaamkia mtori wa ndizi na nyama, mchana supu, jioni maziwa, na katikati ya hivyo anaulizwa kama ana njaa. Mama yangu alimlinda kama benki. Hata mimi mwenye mtoto nilikaribishwa kwa dakika chache, nikaambiwa nisimchoshe kwa maneno.

Miezi ilipotimia, siku ya soko, Mama Neema akatolewa. Amepakwa mafuta, amevishwa kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa. Anatembea polepole mbele, mama yangu nyuma yake, kichwa juu, kama mtu aliyeleta ng'ombe wa kwanza kwenye maonyesho. Wanawake waliacha kuuza. Walimzunguka, wakamshika mashavu, wakamtunza vihela. Bibi mmoja muuza magadi akamshika mkono, akaugeuza, akaubinya, akauliza:

"Huyu amelishwa. Nani amemlisha?"

"Mimi," mama yangu akasema.

"Umemlisha kweli. Huyu amepumzika mpaka kwenye mifupa."

Lakini vijana waliokuwa nyuma wao walisema: "Heee, tazameni rangi! Mzungu huyu!"

Mama Neema alisikia la vijana. Na mimi nilisikia la vijana. Tulirudi Pasua na neno hilo moja, lile la bibi wa magadi tukaliacha hapohapo juu ya meza yake.

Mwaka haukupita, jua la Kiboriloni likachukua chake. Kila nilipomkuta mbele ya kioo alikuwa ananiuliza, "Baba Neema, ile ngozi ya sokoni imekwenda wapi?" Anauliza kwa utani, lakini anasubiri jibu. Nikamwambia nitaitafuta. Wanaume wengine wanaahidi nyumba ya bati. Mimi niliahidi ngozi.

Na ilikuwa rahisi kuahidi, maana ndipo vitu vilikuwa vinaingia. Jamani, sisi tulipanga foleni ya sabuni ya mche, tukipata kipande tunakigawana kwa uzi. Halafu ghafla meza zikajaa: sabuni za rangi zote, makopo, mirija, picha za wanawake wanaocheka. Mama Neema alikuwa akifuata mitumba mpakani Holili, anarudi na vikopo vya krimu ya kung'arisha rangi chini ya nguo za watoto. Akapaka. Akauza vingine. Baada ya wiki chache wateja wakaanza kurudi na lalamiko moja: "Inakaa juu tu. Haiingii."

Neno hilo, kuingia, ndilo lililonifanya mimi fundi.

Aliyenifungulia njia alikuwa jirani yetu Bi Mwanaidi, mama wa Pangani aliyeolewa Moshi na akabaki. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi: kuwasugua singo, kuwafukiza udi, kuwapaka liwa. Siku ya kwanza alinikuta uani nampaka jirani mmoja krimu mgongoni, nimekaza mkono kama napiga lipu.

"We Baba Neema, unapaka mtu au unapaka ukuta?"

"Napaka mtu, Bi Mwanaidi."

"Basi mtu ni mkavu huyo! Hata shamba halimwagiwi mbegu bila mvua. Mchemshie maji."

Akanifundisha kufukiza: sufuria ya maji yanayotoa mvuke, mtu anainama juu yake, khanga mbili zinamfunika. Kisha kitambaa cha moto. Kisha unamfuta kidogo, humkaushi, na krimu unapaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Unapaka kwa kiganja na siyo vidole, maana kiganja kina joto. Mambo haya mnayafanya hadi leo hapo saluni na mafuta ya kawaida kabisa, wala hamjui mmeyapata wapi. Kwa mafuta ya kawaida hayana ubaya.

Nilikosea sana mwanzoni. Niliona mafuta ya mgando yanalainisha, nikaamini yakizidi ndiyo yanasukuma dawa ndani. Nikamchanganyia mwanakwaya mmoja wa sauti ya kwanza kopo zima, akapaka Jumapili asubuhi, akapanda kuimba. Kanisa lilijaa, joto likapanda. Kufika ubeti wa tatu krimu ikaanza safari. Ilishuka kwenye paji, ikapita kwenye nyusi, ikadondokea kitabu cha nyimbo. Yeye anaimba, anafuta, anaimba, anafuta. Mchungaji akadhani ameguswa na Roho, akamwombea papo hapo. Alhamisi yake alikuja kwangu.

"Baba Neema, umenikaanga kama kitumbua."

"Umeng'aa lakini."

"Nimeng'aa kama sufuria ya msibani! Rudisha hela yangu."

Nilirudisha, na kazi ikanikaa kichwani. Kama mafuta mengi hayaingizi, nini kinaingiza? Hapo ndipo kahawa iliponishauri, na ninatamani ingenyamaza.

Nyinyi kahawa mnaijua kwenye kikombe. Sisi tuliijua ikiwa imevaa, shambani kwa baba yangu. Buni ina ganda jekundu la nje. Ukilimenya unakuta ute unaoteleza. Chini ya ute kuna ganda kavu kama karatasi, na chini ya karatasi kuna kingozi chembamba, chepesi kuliko bawa la kumbikumbi. Ute hautoki kwa kusugua. Unaloweka, unafunika, unauacha ujilegeze wenyewe, halafu maji yanaubeba. Nilikaa jikoni nikawaza: na ngozi ya mtu si imevaa vilevile? Tunachohangaika nacho ni lile ganda la nje. Tusisugue. Tuloweke, tufunike.

Nikaanza kufunika. Mtu anafukizwa, anapakwa, halafu anafungwa mifuko ya nailoni: mikono, miguu, shingo, na uso unaachiwa pua na macho. Juu yake blanketi. Chumba chetu cha nyuma, ambacho mama yangu akija mjini alikuwa analala, kikawa na mikeka minne na wanawake wanne wamelala wanatoa jasho. Mama Neema alipochungulia mara ya kwanza alishika mlango kwa kucheka.

"Yesu wangu! Baba Neema, umewavundika!"

Na kweli, walifanana na mikungu ya ndizi iliyofunikwa majani ikingoja kuiva kwa ajili ya pombe ya mbege. Jina likashika. Wateja wakawa wanasema, "Nimekuja kuvundikwa." Wanaume zao barabarani wananiuliza, "Mangi, wangu ameiva?"

Matokeo yalikuja, siwafichi. Kile kilichokuwa kinachukua miezi kilianza kuonekana upesi. Krimu ileile, kopo lilelile, ila sasa inaingia. Nikaongeza na mrija wa dawa ya ukurutu uliokuwa ukiuzwa madukani kama pipi, maana niliona mtu aliyeupaka ngozi yake inakuwa laini na inaachia. Vipimo msiniulize. Nilivisahau kwa makusudi, na kusahau kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kukariri.

Watu wakatoka Mkuu Rombo kuja Pasua kwa mtu asiyetoka nyumbani. Nilijisikia mtaalamu. Nilivaa koti jeupe la mitumba lenye jina la daktari wa meno wa nchi sijui gani.

Mteja wangu wa kwanza na wa kudumu alikuwa mke wangu. Kila kitu nilichobuni kilipita kwanza kwenye mkono wake wa kushoto, halafu kote, mwili mzima, maana uso ukitangulia peke yake watu wanauona unakwenda bila mwenzake. Jioni akirudi sokoni, kabla hajala, ninamfukiza, ninampaka, ninamfunga. Wakati mwingine alikuwa analala humo ndani ya nailoni kabla sijamaliza mguu wa pili. Nilidhani dawa imemtuliza. Mtu amebeba furushi tangu alfajiri, amesimama juani siku nzima, analala amekaa, na mimi nasema dawa inafanya kazi!

Bi Mwanaidi alikuja siku moja akamwangalia. Akamshika mkono kama alivyoushika yule bibi wa magadi, akaugeuza upande wa ndani. Mishipa ilionekana, ya kijani, imejichora kama barabara kwenye ramani.

"Baba Neema, hebu njoo uani."

Nikatoka.

"Ngozi ni bawabu," akasema. "Kazi yake ni kukataa watu. Wewe unamlevya bawabu."

"Si wewe uliyenifundisha, Bi Mwanaidi?"

"Nilikufundisha kufungua mlango kwa ajili ya liwa na maji ya waridi. Wewe umefungua, umeng'oa na bawaba. Utaurudishaje?"

Nikamwambia watu wa pwani wanapenda mafumbo. Akaondoka bila kukasirika, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama angekasirika.

Dalili zilikuwepo. Vifundo vya vidole vya Mama Neema vilikataa kubadilika, wapiga debe wa Kiboriloni wakamwita Uso Maziwa Vidole Kahawa. Akawajibu, "Nichanganyeni basi mnywe," wakacheka, biashara ikaendelea. Jua likaanza kumchoma kwa namna ambayo halikumchoma kabla, mashavu yanawaka mpaka anatafuta kivuli cha turubai la jirani. Akijikuna kidogo panabaki alama. Aligonga mguu kwenye meza, kidonda kidogo cha kijinga kikakaa majuma na majuma. Mimi nikapaka krimu pembeni ya kidonda. Ndiyo, pembeni ya kidonda. Cheka tu, binti wa bigijii. Mimi mwenyewe huwa nacheka.

Halafu tumbo likaanza kumsumbua. Akapimwa, akakutwa na uvimbe kwenye kizazi, akapangiwa upasuaji. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Siku iliyofuata nilipeleka uji, nikaamkiana na wagonjwa wote wodini, nikajiona shujaa kwa kuwa nilikuwa nimetoka nyumbani asubuhi mbili mfululizo. Daktari, kijana tu, umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, akaniita kando.

"Shikamoo mzee. Mkeo anapaka nini?"

"Marahaba. Anapaka krimu ya kawaida."

"Ya kawaida ya nani?"

Nikatazama viatu vyangu. "Yangu."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kujishika. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema amefunga kidonda cha upasuaji kwa nyuzi, na nyuzi zinakata nyama. Kila anapovuta, ngozi inaachia. "Ni kama nashona karatasi iliyoloa, mzee. Haishiki uzi." Akasema watajitahidi.

Karatasi iliyoloa. Nilibaki pale kwenye korido nikaona buni zikiwa kwenye pipa la baba yangu, zimelowekwa, zimefunikwa, zimelegea. Miaka yote ile nilikuwa naifundisha ngozi ya mke wangu ikubali. Ikubali krimu, ikubali dawa ya ukurutu, ikubali kila ninachokoroga. Ikajifunza vizuri. Siku ilipotakiwa ishikilie uzi, ikauachia nao.

Kidonda kikafunguka. Sitawaeleza kilivyokuwa. Wakakisafisha, wakakifunga, kikafunguka tena. Mama Neema akawa na homa, akawa anaongea na wateja wa Kiboriloni akiwa kitandani, anapunguza bei kwa watu wasiokuwepo. Siku moja homa ikashuka kidogo, akafumbua macho akaniona.

"Leo nani yuko kwenye meza?"

"Hakuna mtu."

"Basi nenda."

"Mimi?"

"Kwani wewe umepooza?"

Mama yangu aliposikia alishuka kutoka Kirua Vunjo na chupa ya mtori kifuani, ameifunga na khanga isipoe. Alikuwa mzee tayari, mgongo umeanza kuinama. Akamwangalia mkwewe kwa muda mrefu, akaniangalia mimi. Nikajaribu kumweleza: mama, alitaka tu arudi kama siku ile uliyomtoa sokoni, ile rangi yake.

"Rangi gani?" mama yangu akauliza.

"Ile waliyomsifia."

"Wewe nawe. Ulikuwa umesimama wapi siku ile?" Akaweka chupa chini. "Walinisifu mimi. Walisifu mtori wangu na kuni zangu. Nilimpumzisha. Ninyi mkaenda kutafuta hayo kwenye kopo?"

Wanangu, miaka yote mke wangu alipokuwa akiniuliza ngozi ile imekwenda wapi, jibu lilikuwa moja na mimi ndiye niliyekuwa nalo. Ilikwenda Kiboriloni, chini ya furushi, wakati mimi niko jikoni natazama mlima. Ningeweza kusema, Mama Neema, leo kaa wewe, niende mimi. Sentensi fupi kuliko zote. Badala yake nilitumia akili yangu yote, na kemia yangu yote kidogo, kutafuta namna mtu aliyechoka aonekane amepumzika.

Madaktari walipomruhusu kidonda kilikuwa bado wazi kidogo, cha kusafishwa kila siku. Mama yangu hakuuliza mtu. "Namchukua," akasema. "Namfungia tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu, mama wa watoto watatu, akafungiwa Kirua Vunjo mara ya pili, bila mtoto mchanga. Kijiji kizima kilitania. "Amezaa nini huyo?" Mama yangu anawajibu, "Amezaa kidonda, leteni maziwa." Na walileta, ndicho kilichonishangaza. Mwingine supu, mwingine mayai, mwingine ndizi za mtori. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuwa anakuja kusafisha, mama yangu anasimamia kana kwamba yeye ndiye mkubwa wake wa kazi.

Na mimi nikaenda Kiboriloni. Mtu aliyekuwa akilalamika akitumwa dukani! Siku ya kwanza nilibeba furushi begani, shingo ikagoma. Nikalibeba kichwani, likaanguka kwenye maji machafu, suruali za watoto zote zikawa za kuoshwa. Wanawake wa meza za jirani walinizunguka.

"Mama Neema Mdogo amekuja!"

"Karibu, mama. Kilemba umesahau nyumbani?"

"Mwacheni, ndio ametoka kufungiwa, jua halijamzoea."

Niliitika kama kawaida yangu. Lakini mchana, jua likiwa kichwani, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kuita watu, nilikaa juu ya furushi na kutazama lile turubai la jirani ambalo Mama Neema alikuwa anakimbilia kivuli chake. Lilikuwa mbali kuliko nilivyofikiri. Chumba cha nyuma nilikwisha kukifagia. Makopo niliyamwaga shimoni, na mama wa Rombo aliyefika na mifuko yake ya nailoni nilimrudisha. Alinitukana vizuri sana.

Rangi ya Mama Neema ikarudi kwa vipande. Mashavuni ikaja nyeusi zaidi kuliko alivyozaliwa nayo, shingoni mabaka, mikononi sehemu nyingine zikabaki zimepauka na hazijabadilika mpaka leo. Tumboni kuna kovu pana kama mkanda. Mama yangu alipotangaza siku ya kumtoa, Mama Neema alikataa. Akasema haendi sokoni kujianika. Nilikuwepo mlangoni, nikasikia.

"Nitaonyesha nini, mama?"

"Utatembea. Mimi niko nyuma."

Akatembea. Mama yangu nyuma yake, safari hii kwa fimbo. Mimi nyuma ya mama yangu nimebeba kikapu, na watoto nyuma yangu. Soko lilikuwa lilelile, meza zimeongezeka, ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vibuyu. Watu wakageuka. Niliona vijana wakitazama mabaka, nikaona mmoja akifungua mdomo, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Muuza magadi alikuwa amezeeka mpaka amekuwa mdogo. Alikuwa bado amekaa nyuma ya rundo lake. Akaita, "Hebu njoo hapa." Mama Neema akasogea. Bibi akamshika mkono, ule wenye mabaka, akaugeuza, akaubinya. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini sikubali kwamba hakuona. Aliona.

"Huyu amelishwa," akasema. "Nani amemlisha?"

Mama yangu akajibu. Mke wangu akalia, hapohapo katikati ya soko, na wanawake wakaanza kumtunza vihela kama mzazi.

Mama yangu sasa amelala kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, chini ya migomba aliyopanda mwenyewe. Bi Mwanaidi naye alitangulia. Alikuja kututazama kabla, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Mimi pia sikujua mlango unafungwaje, ndiyo maana nilikuuliza." Meza ya Kiboriloni niliishika mimi mpaka miguu ilipokataa, na ndiyo maana mnaponiita mstaafu huwa sijui mnanistaafisha kutoka wapi, jikoni au sokoni.

Najua kwa nini umeniuliza, binti. Kuna mteja amekuja na kopo, au na picha kwenye simu, anataka haraka. Siku hizi mnaambiwa kuna vidonge, kuna sindano, hakuna tena haja ya kumvundika mtu. Mimi siwezi kukuzuia, mimi ni babu wa maziwa tu. Ila kabla hujamchemshia maji, muulize anatoka wapi na amebeba nini siku nzima. Mkalishe. Mpe chai. Huenda ndicho alichofuata na hajui jina lake.

Jioni, jua likishuka nyuma ya nyumba, huwa tunakaa barazani na Mama Neema. Mikono yake hukauka sana, hupasuka. Nachukua kopo la mafuta ya mgando, ya kawaida kabisa, yasiyo na kitu, nampaka kwa kiganja taratibu, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kunawa. Yeye, kwa kuwa hana huruma, kila siku ananiuliza swali lilelile:

"Fundi, inaingia?"

"Haiingii. Inakaa juu tu."

"Iache hapohapo," anasema, na kunipa mkono wa pili.